Waranti Nyumbani kwa Bisibisi

Shemeji yangu hakuwahi kuamini kitu kilichofungwa. Ukimletea redio mpya, feni, saa ya ukutani, hata tochi ya kuchaji, kabla hakijawashwa lazima kipite mezani kwake. Alitandika kitambaa cheupe, akapanga bisibisi zake kutoka kubwa hadi ndogo, akakilaza kile kitu kifudifudi na kuanza kukifungua. Hakuwa anakitengeneza. Kilikuwa kipya, bado kinanukia karatasi ya kiwandani. Alitaka kukijua tu. "Nikisubiri mpaka kiugue ndiyo nikifungue," alikuwa akisema, "nitajuaje kilivyokuwa siku za afya yake?"

Akisharidhika na alichokiona ndani, alikifunga, akakichomeka kwenye umeme, akagusa bati lake kwa mgongo wa mkono, kisha akatangaza kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji: "Mzima!" Hapo ndipo sisi wengine tuliruhusiwa kukigusa. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Aliyefunga ndiye anayegusa kwanza, kwa sababu si haki fundi aonje kazi yake kwa mkono wa mwenzake.

Mtaani walimwita Bisibisi. Alikuwa na meza yake barazani, chini ya dirisha, na watu walimletea pasi, blenda, birika za umeme na redio zilizokuwa zimeanza kusema zenyewe. Watoto wake wote wamesoma kwa ile meza, na sasa wako mbali na kazi zao na familia zao.

Mimi ni mdogo wa kike wa mke wake. Naishi chumba cha upande wa pili wa ua wao, nauza vitambaa vya mapazia, na nina mdomo. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa. Shemeji na mimi tumetaniana tangu siku alipokuja kuposa, nilipomuuliza mbele ya wazee kama na dada yangu atapitishwa mezani kwanza. Wazee walinikata jicho. Yeye alicheka mpaka akapaliwa na chai, na kuanzia hapo nikajua tutaelewana.

Katika nyumba ile waranti haikuwahi kuishi hata siku moja. Kila kitu kilikuja na karatasi yake, imeandikwa kwamba kikiharibika kirudishwe dukani, mradi kisiwe kimefunguliwa na mtu asiyehusika. Shemeji ndiye alikuwa huyo asiyehusika, na alihusika jioni ile ile. Dada alizitandika zile karatasi kwenye droo za kabati, chini ya vijiko. Wala hatukujuta. Friji yao ilikuwa na umri wa kuoa.

Kisha mikono ikaanza.

Mwanzoni tuliona kwenye kikombe. Kilikuwa kikigonga sahani kila anapokiweka, naye anakitazama kama vile kikombe ndicho chenye makosa. Halafu skrubu zikawa zinaanguka. Unamkuta amepiga magoti barazani anapapasa sakafu, ukimuuliza anakwambia skrubu za siku hizi ni nyepesi, hazina nidhamu. Alibadilisha taa. Alibadilisha miwani. Alisogeza meza karibu zaidi na dirisha. Daktari alimpa vidonge pamoja na jina la ugonjwa. Vidonge alivimeza, jina hakulitaja nyumbani. Sisi nasi tukajitia hamnazo. Nilimpenda mno shemeji yangu, nisingeweza kumtania juu ya hilo, na yeye alijua kwamba nisipomtania jambo basi jambo hilo ni zito.

Mambo yalikuja kuharibika kwenye pasi. Ilikuwa pasi ya Dada mwenyewe, waya wake umechoka pale unapoingia kwenye mpini. Shemeji aliifungua, akabadilisha waya, akaifunga, akaigusa, akatangaza "Mzima!" na sote tukaamini kama kawaida. Kesho yake, Shemeji akiwa ametoka, Dada aliitumia kunyoosha shati lake. Alipofika kwenye kola, ile pasi ilimpiga umeme ukamtupa mpaka kwenye mlango wa kabati. Nilisikia kishindo kutoka kwangu. Nilipofika alikuwa amekaa sakafuni, kidole kimeungua, midomo imekuwa myeupe, na plagi ameshaichomoa kwa kuvuta waya.

"Usipige kelele," akaniambia.

"Nisipige kelele? Dada, ungekufa!"

"Sijafa. Nisaidie kuinuka."

Aliizungushia ile pasi shuka kuukuu, akaisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani. Kisha akaniangalia kwa macho yale ambayo tangu utotoni yalikuwa na maana kwamba mimi ndiye nitakayebeba mzigo. "Akiuliza, wewe umeiazima."

"Mimi? Pasi?"

"Wewe."

"Dada, nani ataamini? Watu wote wanajua nguo zangu hazijawahi kuona pasi."

"Sema umebadilika."

Nilimwambia amweleze mumewe ukweli, yaishe. Alikaa kitandani, akakishika kile kidole. "Nimwambie nini? Kwamba mikono iliyonilisha mimi na wanangu sasa inataka kuniua? Kila asubuhi anaamka, anaivaa miwani, anakwenda kukaa pale mezani. Akijua hili hatakaa tena. Na asipokaa pale, mdogo wangu, mimi simjui atakuwa nani."

Nikamsaidia kukifunga kidole kitambaa. Basi tukaishi hivyo. Kuhusu kidole, Shemeji aliambiwa ni sufuria. Shemeji akawa anatoka na mashati yaliyokunjamana, mimi nikawa mwizi wa pasi nisiyoitumia.

Katika hali hiyo ndipo Dada akaamua kununua mashine ya kufulia. Alikuwa na kila haki. Kwa miaka mingi amekuwa akifua taulo za saluni mbili za mtaani kwa mikono, taulo zenye rangi za nywele na mafuta yasiyotoka, na mgongo wake ulikuwa umefika mahali pa kukataa kuinuka kutoka kwenye beseni. Alidunduliza, wanawe wakaongezea, hela ikatimia. Alifurahi kama msichana. Mimi usingizi ulinipaa.

Nilijua kitakachotokea. Mashine ingefika, kitambaa cheupe kingetandikwa, na Shemeji angeifungua kama alivyofungua kila kitu kilichowahi kuvuka kizingiti kile. Mashine ya kufulia si redio. Ina umeme na ina maji, vyote viwili, na anayesimama mbele yake ana mikono iliyoloa. Pasi ilimtupa Dada kwenye kabati akiwa mkavu. Skrubu moja ikiachwa nusu kwenye ile mashine, sitakuwa na dada.

"Nunua waranti," nikamwambia tulipokuwa wawili. "Na ile ya nyongeza pia, ya miaka mingi kadiri wanavyouza."

Alinitazama kama nimepagawa, maana mimi waranti ya nyongeza naichukia kwa moyo wangu wote. Mtu anakusifia kitu mpaka povu linamtoka, hakina mfano, hakiharibiki, na ukishatoa hela anakunong'oneza kwamba kinaweza kuharibika, je, hutaki kulipia na hilo? Naona ni kama kuuziwa hofu yangu mwenyewe. Lakini safari hii nilikuwa nimelifikiria hadi mwisho. "Wakiuza waranti wanabandika stika," nikasema. "Stika ikichanika, waranti imekufa. Sasa mwache Bisibisi achukue bisibisi yake. Itakayomkataza ni stika, si wewe. Utasema tu, baba watoto, tumelipia, tusitupe hela. Heshima yake iko palepale."

Dada alifikiri, akafikiri, akanishika mkono. "Sikujua una akili," akasema, na kwa Dada hizo ni sifa.

Tukaenda dukani watatu. Lilikuwa duka kubwa la vyombo vya umeme, lenye friji zimesimama mistari kama wanafunzi na runinga zote zinaonyesha samaki yule yule. Aliyetuhudumia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sare ya bluu, mpole, asiye na haraka. Dada alichagua mashine nyeupe yenye mlango mbele. Shemeji aliizunguka, akachuchumaa nyuma yake, akauliza mfuniko unafunguliwa upande gani.

"Huku nyuma, mzee, lakini hapa pana stika," yule mama akasema. "Ikichanika tu, sisi hatuhusiki tena. Mwaka wa kwanza unakuja na mashine. Kuna na hii ya nyongeza, miaka mitatu zaidi. Likitokea lolote tunakuletea fundi wetu mpaka nyumbani. Tuweke, mama?"

Nilimfinya Dada kiunoni. Alifungua mdomo. Na hapo hapo, kutoka upande wa majiko, ikasikika sauti:

"Bisibisi! Haiwezekani! Wewe leo unauziwa waranti?"

Alikuwa mwenye saluni ya pili, mteja wa Dada na wa Shemeji pia, mtu mwema tu asiyejua kunyamaza. Akaja na kicheko chake chote. "Kama Bisibisi mwenyewe ananunua waranti, jamani, sisi wengine tumekwisha!"

Wauzaji wakacheka. Yule mama wa sare akatabasamu. Mimi nilimtazama Shemeji, na naona Dada naye alimtazama wakati huo huo. Alikuwa ameitia mikono yake yote miwili mifukoni. Aliisukuma ndani kabisa, mpaka mabega yakashuka, na bado kitambaa cha suruali kilikuwa kinacheza.

Dada akajinyoosha. Mgongo ule mbovu ukawa wima kama wa askari. "Haihitajiki," akamwambia yule mama, kwa sauti ya kusikiwa na duka zima. "Hiyo ya nyongeza wauzieni wasio na watu. Mimi fundi nalala naye nyumba moja."

Watu wakashangilia. Mwenye saluni akampiga Shemeji begani. Shemeji hakucheka, wala hakutoa mikono mifukoni.

Nilijizuia mpaka tulipotoka dukani na Shemeji akatangulia mbele. Kisha nikamwachia Dada yote. "Tulikubaliana nini? Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Ulitaka nimvue nguo mbele ya watu?"

"Afadhali yeye avuliwe nguo kuliko wewe uvishwe sanda!"

Akasimama katikati ya njia. Macho yalikuwa yamejaa. "Umemwona alivyoificha mikono?" akasema. "Wewe umemwona?"

Nilikuwa nimemwona. Nikamshika mkono, tukaenda.

Mashine iliahidiwa kuletwa keshokutwa yake. Kesho yake asubuhi, Dada akiwa amepeleka taulo saluni, nikasikia mtu anabisha mlangoni kwangu. Shemeji. Amechana nywele, amevaa shati lake la kutokea, nalo limejikunja kama karatasi iliyotupwa na kuokotwa.

"Shemeji," akasema, "naomba ile pasi."

"Naitumia."

"Sasa hivi?"

"Nilikuwa ndiyo kwanza namalizia."

Akaniangalia gauni langu kuanzia begani mpaka chini, taratibu, kama anavyoangalia redio iliyoletwa na mtu mwongo. "Na hilo gauni limepigwa pasi au limetafunwa na ng'ombe?"

Kwa kawaida ningekuwa na jibu lake. Safari hii nililinyoosha tu kwa viganja. Akaingia, akaketi kwenye robota langu la mapazia, akaweka mikono juu ya magoti na kuiacha itetemeke mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Iko chini ya kitanda," akasema. "Nilikuwa natafuta skrubu, imeanguka ikabingirika mpaka chumbani. Nikaiona shuka. Nikaifungua ile pasi, Shemeji. Skrubu inayoshika waya imeingia nusu, waya unacheza mpaka unagusa bati. Nilidhani nimeifikisha. Mkono ulizunguka, skrubu ikabaki pale pale, na mimi nikasema mzima." Akainua kidole. "Halafu nikakumbuka kidole. Sufuria gani inaunguza kidole upande ule?"

"Kwa nini hukumwambia kwamba unajua?"

"Alikuwa ameificha kwa ajili yangu. Ametaabika kuificha. Ningeanzaje kuitoa?" Akainuka. "Vaa viatu, twende."

"Wapi?"

"Dukani. Kununua ile waranti. Jana nilitaka kusema niwekewe, ulimi ukagoma. Nilisimama pale kama gogo, nikamwacha mke wangu anipambe kwa watu huku najua naipeleka nyumbani mashine itakayomuua." Akaufungua mlango. "Mimi naijua tabia yangu. Pasipokuwa na kitu cha kunizuia, nitaifungua. Nitajiambia leo mkono una nafuu, na nitaifungua."

Nililia njia nzima, na sioni haya kusema. Yeye alitembea mbele yangu kidogo, ananingoja kwenye kila kona, ananiambia niharakishe kabla sijamtia aibu.

Yule mama wa sare alitukumbuka. Hakuuliza kwa nini tumerudi, na kwa hilo tu namwombea heri mpaka leo. Alileta karatasi, akaonyesha pa kutia saini. Shemeji alishika kalamu kwa mkono mmoja, akaushika mkono huo kwa mkono mwingine. Saini ilianza ndani ya kisanduku, ikatoka nje, ikapanda juu ya maandishi ya duka.

"Haina neno, mzee," yule mama akasema kwa upole. "Inatosha."

"Ndiyo saini yangu ya sasa," Shemeji akajibu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Huyo fundi wenu, akija, mikono yake ikoje?"

Yule mama hakuelewa, lakini alijibu vizuri. "Ni watu wazuri, mzee. Wana adabu."

Mashine ikaja. Wapagazi waliiweka kwenye kiukumbi karibu na bafu, wakaunganisha bomba, wakaenda zao. Na Dada, huyu dada yangu asiyekubali kushindwa, alikuwa ametandika kitambaa cheupe sakafuni kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa amezipanga bisibisi kutoka kubwa hadi ndogo. Alisimama pembeni, vidole amevifumba ndani ya kanga, uso umemkauka. Angekaa pale akatazama mumewe akifungua, na akishafunga angetia taulo ndani, angebonyeza, na angetabasamu. Ndivyo alivyokuwa ameamua.

Shemeji alichuchumaa nyuma ya mashine. Aliitazama ile stika kwa muda, akapitisha kidole gumba juu yake, pembe hii mpaka ile. Kisha akainuka kwa kushikilia ukuta.

"Kunja kitambaa," akasema. "Hii ina wenyewe."

Akatoa karatasi mfukoni. Dada aliisoma, akaisoma tena, na badala ya kushukuru, akawaka.

"Nani kakutuma? Mimi nimesimama mbele ya duka zima nikasema nina fundi nyumbani! Kumbe umerudi nyuma yangu kwenda kunifanya mwongo?"

"Hukusema uongo, mama watoto. Ulisema ukweli. Ila ukweli wa zamani."

"Nani amesema ni wa zamani? Nani?"

Shemeji hakubishana. Aliingia chumbani, tukamsikia akihema akiinama, akarudi na pasi imezungushiwa shuka, akaiweka mezani.

Dada akanigeukia, macho yanatoka moto. "Umemwambia!"

"Naapa sijafungua mdomo!"

"Usimsingizie bure," Shemeji akasema. "Yeye hajasema. Gauni lake ndilo limesema."

Ningecheka, lakini Dada alikuwa ameketi chini pale pale kwenye kitambaa cheupe na kujifunika uso kwa kanga. Shemeji akaketi karibu naye, kwa shida, magoti yakilia. Akautafuta mkono wake, akakiona kile kidole chenye kovu, akakishika. Mkono wake ulitetemeka, na mkono wa Dada ukatetemeka nao.

"Nisamehe," akasema.

"Usiniombe msamaha. Sitaki uniombe msamaha."

"Basi usinifiche tena. Nikikosea niambie. Nitaumia, nitanuna, nitapona. Wewe ukipigwa na umeme sitapona."

Dada alilia kwa sauti. Mimi nikajitia kutafuta kitu dirishani. Hapakuwa na kitu dirishani.

Baada ya muda nikasikia Shemeji akikohoa kile kikohozi chake cha kuanza kazi. "Haya. Kitambaa kimeshatandikwa, na mimi sipendi kitambaa kitandikwe bure. Leta hiyo pasi. Shemeji, shika tochi. Mama watoto, chukua bisibisi ile ndogo yenye mpini mwekundu."

"Niichukue ya nini?"

"Leo unafungua wewe."

Dada alikataa. Akasema yeye ni mfua taulo, si fundi. Shemeji akasema ataona. Dada akasema atavunja kitu. Shemeji akasema kimeshavunjika, hawezi kukivunja zaidi. Nikaingilia kusema kama hawataki basi nifungue mimi, na hilo likamfanya Dada aichukue bisibisi haraka sana.

Basi akafungua, na Shemeji akamwongoza kwa maneno, mikono yake ameikalia. Kushoto. Si kwa nguvu, kwa subira. Usiikasirikie skrubu, haijui kama umeudhika. Toa mfuniko, uweke pale, usiuchanganye. Unaona huo waya wa kijani na manjano? Huo ndio unaokulinda. Na huo wa kahawia, kando yake, skrubu yake ndiyo ile niliyoiacha. Dada akainama, nikasogeza tochi, na wote watatu tukaiona, imechomoza kidogo tu, kitu kisichofika ukubwa wa punje ya mchele.

"Hiki?" Dada akauliza. "Hiki ndicho kilichonitupa?"

"Hicho. Kaza."

Akaikaza. Akaizungusha mpaka bisibisi ikakataa. Mikono yake ile iliyokamua taulo miaka yote ilikuwa na nguvu kuliko tulivyofikiria. Shemeji akamwambia avute waya kidogo ajaribu, haukutikisika. Akarudisha mfuniko, akafunga, akachomeka kwenye soketi. Akaonyeshwa jinsi ya kuweka testa, ile ya kupimia umeme, kwenye bati, na taa yake haikuwaka.

Shemeji akainuka kwa mazoea, mkono umeshanyooka, mgongo wa vidole umeelekea kwenye pasi.

"Nani amefunga?" Dada akauliza.

Mkono ukasimama hewani. Nilimwona akitaka kubisha. Nilimwona akitafuta sababu, na kwa mtu yule sababu hazikuwahi kukosekana. Kisha akaurudisha mkono, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri kama mteja. Hakuitazama pasi. Alimtazama mkewe usoni.

Dada akaigusa. Akaugeuza mkono, akaigusa tena.

"Mzima," akasema.

Shemeji akaachia pumzi, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Dada akamwambia alivue hilo shati, amechoka kumwona anapita mtaani kama yatima. Na mimi, akasema, nikalete gauni langu, miezi yote hii nimewatia aibu.

Alianza na kola. Kabla ya hapo alikuwa ametia taulo za saluni kwenye mashine na kubonyeza alipoelekezwa na karatasi, na sasa ilikuwa inazunguka pale kwenye kiukumbi, imefungwa, na stika yake nyuma, kitu cha kwanza katika nyumba ile ambacho hakuna aliyekijua ndani. Nilipotoka na gauni langu nilimkuta Shemeji amesimama kando yake na fulana tu, viganja vyote viwili ameviweka juu ya bati lake, anasikiliza. Mashine ilikuwa imefika pale pa kukamua, inatikisika kwa nguvu, naye anatikisika nayo, na ungemtazama kutoka pale nilipokuwa usingejua ni nani kati yao anayetetemeka. Hakuitoa mikono. Alikaa hivyo mpaka Dada alipomletea shati, bado la moto.